Nyumba Iliyoachwa Nje ya Mfuo

Sogeeni karibu, hasa nyinyi mnaofurahi kuona mlango wa jirani ukifungwa kwa nje. Hadithi hii ni yenu. Wengine nao wanaruhusiwa kusikiliza, lakini sikuitunza miaka yote hii kwa ajili yao.

Kijiji chenyewe kinaitwa Suvi Laz, kwenye vilima vya mashariki ya Serbia, na mwaka ni ule ambao wanaume walirudi kutoka vita viwili vilivyofuatana kama walevi wawili njiani. Mimi nilikuwa hapo nikijenga ukuta wa kanisa. Yale niliyoyaona kwa macho nitayasema kama nilivyoyaona, na yale niliyoambiwa na Stamena mwenyewe nitayasema kama alivyoniambia.

Plamu zilikuwa zimeanza kuiva. Nyumba ya Krsman ilikuwa ya mwisho upande wa chini, karibu na kijito. Jumapili moja nilipita hapo kuomba moto wa kiko, nikawakuta wameketi uani. Stamena, mke wa Krsman, alikuwa akitoa kokwa za plamu kwa kidole gumba, bila kuhitaji kisu. Krsman, aliyerudi vitani na viungo vyake vyote, alikuwa akitengeneza gurudumu la mkokoteni. Pacha wake Vuksan alikuwa amelala chini ya mti, kofia usoni. Binti wa Krsman na Stamena, Rosa, mwenye pengo la meno ya mbele, alikuwa akigombana na bata bukini.

"Baba, huyu bukini ananitukana."

"Mjibu."

"Nimemjibu. Hasikii."

"Basi huyo ni bukini wa jumbe," akasema Stamena.

Tukacheka sote, hata Vuksan chini ya kofia yake. Radojko, jumbe wa kijiji, alijulikana kwa kutomsikia mtu yeyote mwenye shamba dogo kuliko lake.

Tukiwa bado tunacheka, akaingia askari mmoja anayerudi kwao, kijana mwembamba, midomo imepauka. Akaomba maji. Stamena hakumuuliza ametoka wapi. Alimpa maji, akampa supu ya kuku, akamwonyesha nyasi kavu za kulalia ghalani. Ndivyo walivyolelewa watu wa pale: mgeni ndiye anayechagua saa ya kuja, mwenyeji anachagua tu sahani. Asubuhi yule askari alikuwa ameshaondoka, na ghala lilikuwa limechafuka kwa namna ambayo sitaieleza. Stamena alilisafisha mwenyewe.

Siku hizo hizo alikuja askari wa wilaya na tangazo la serikali. Alilisoma mbele ya kanisa kwa sauti ya mtu mwenye njaa. Kipindupindu kimeingia nchini pamoja na majeshi. Mwenye mgonjwa nyumbani atoe taarifa kwa jumbe. Watu wa nyumba hiyo wasitoke mpaka daktari aseme. Kijiji kiwapelekee chakula na maji yaliyochemshwa mpaka kwenye lango. Mtu asifue nguo za mgonjwa karibu na maji ya kunywa.

Nililisikia lote, na halikuwa tangazo baya. Lakini sikio la mwoga husikia nusu. Watu waliondoka pale wakirudia maneno mawili tu: wasitoke, wasitoke.

Stamena alisikia lote pia. Alipoanza kuhara na kutapika, alimfukuza mumewe uani kabla hajavaa viatu.

"Nenda kwa ndugu yako," alimwambia kupitia dirishani. "Kisha nenda kwa jumbe, umwambie mkeo anaumwa."

"Na Rosa?"

"Rosa amelala kifuani kwangu usiku kucha. Akitoka na kitu, atakipeleka kwa watoto wa wenzetu. Abaki tuone."

"Stamena, watu watasema maneno."

"Waseme. Mimi ndiye ninayeufunga mlango huu, Krsman, hakuna mwingine. Na nitaufungua mimi."

Akalaza ufagio mbele ya lango, alama kwamba mtu asipite. Zingatieni hapo, wasikilizaji wangu. Mwanamke huyo hakuburutwa na askari. Alijifungia kwa hiari yake, akasema ukweli kama sheria ilivyotaka, tena mapema kuliko sheria ilivyotaka. Sasa tazameni alilipwa nini.

Radojko hakuwa shetani. Nasema hivyo kwa sababu wengi wetu tukisikia hadithi kama hii hutafuta shetani, tukimkosa kijijini kwetu tunalala usingizi mnono. Alikuwa mtu mwenye hofu. Mwanawe alikuwa bado jeshini, na nyumbani aliachiwa mkamwana, Natalija, mwenye mimba kubwa. Jumbe alitaka mjukuu wake azaliwe katika kijiji chenye watu hai. Basi akaliacha tangazo la serikali juu ya meza, akakumbuka dawa ya mababu.

Dawa hiyo ni mfuo. Tauni ikikaribia, ndugu wawili mapacha huwafunga nira maksai wawili weusi waliozaliwa pamoja, wakalima mfuo mmoja kuzunguka kijiji kizima mpaka mwisho ukutane na mwanzo. Ugonjwa, wanasema, ni bibi kizee anayetembea barabarani, na hawezi kuruka udongo uliopinduliwa na mapacha. Lakini kuna sharti. Kuanzia jembe linapoingia ardhini mpaka linapotoka, hakuna anayesema neno. Neno moja tu, mfuo unakatika, na bibi kizee anapita palepale lilipotamkwa.

Mapacha waliokuwa hai Suvi Laz walikuwa wawili tu: Vuksan na Krsman.

Walianza alfajiri, upande wa juu, kwenye chemchemi. Vuksan aliwashika maksai kwa mbele, Krsman alishika mikono ya plau. Jumbe alitangulia na fimbo, akielekeza. Nyuma tulifuata sisi wanaume, tumevua kofia, na hata waliokuwa na kikohozi walikimeza. Mfuo ulipita nyuma ya kanisa, ukapita shamba la mahindi, ukateremka kuelekea kijito. Krsman alikuwa akiliongoza jembe kwa uhakika, maana alijua lingepita wapi: chini ya nyumba yake, kandokando ya mierebi, kisha lipande upande wa pili.

Radojko akasimama upande wa juu wa nyumba. Akanyoosha fimbo kati ya ua wa Stamena na ua wa jirani wa juu.

Krsman akasimama, na maksai wakasimama. Sote tulielewa. Mfuo ukipita hapo, nyumba ya chini inabaki upande wa bibi kizee. Krsman alimtazama jumbe, kisha akamtazama ndugu yake, lakini Vuksan alikuwa akitazama masikio ya maksai. Dirishani alikuwa amesimama Stamena, na pembeni yake kichwa kidogo cha Rosa kimefungwa kitambaa.

Radojko akanyoosha fimbo mara ya pili.

Krsman alifungua kinywa. Niliona ulimi wake. Nyuma yake walikuwa wanaume wote wa kijiji, na kila mmoja alikuwa na watoto nyumbani, na macho yao yote yalikuwa juu ya kinywa hicho. Akakifunga. Akasukuma jembe, na udongo ukapinduka kati yake na mkewe.

Mwisho ulipokutana na mwanzo, watu wakapiga ishara ya msalaba, wakaanza kusema wote kwa pamoja. Krsman alimwendea Radojko.

"Jumbe, tangazo lilisema apelekewe maji. Chemchemi iko ndani ya mfuo. Chini kule kuna kijito tu, na kila uchafu wetu unaishia huko."

"Tangazo liliandikwa mjini. Makaburi yatachimbwa hapa."

"Basi nitapeleka mimi."

"Peleka. Ukivuka, usirudi. Na pacha mmoja si pacha, bwana mdogo. Mfuo ukifa kwa miguu yako, utazunguka nyumba kwa nyumba kuwaeleza kina mama kilichowaua watoto wao."

"Aliwaambieni ukweli yeye mwenyewe. Hakuna aliyemgundua."

"Ndiyo maana tunamshukuru," akasema jumbe, na hakuwa anatania.

Vuksan akamshika ndugu yake mkono. "Kaka, siku chache tu. Shemeji ni mgumu kama kwato. Unamjua."

Desturi inasema tena kwamba mapacha waliolima wasichanganyike na watu mpaka hatari ipite. Wakawekwa katika zizi la jumbe pamoja na maksai, na vijana wenye bunduki wakawekwa kwenye mfuo upande wa chini, kisivuke kitu wala neno. Kila jioni Krsman aliuliza habari za nyumbani, na kila jioni Radojko alimjibu jibu lilelile.

"Moshi unatoka dohani. Wazima."

Moshi ulikuwa unatoka kweli. Stamena alikuwa akitambaa mpaka kijitoni, anachota, anachemsha, anamnywesha mtoto vijiko viwili, anakunywa yeye kijiko kimoja, kisha anatambaa tena. Rosa alikuwa ameshaanza kuumwa. Maji yale yalikuwa mazito, na kuni zilikuwa zikiisha. Juu ya kilima, mwendo mfupi wa kupanda, chemchemi safi ilikuwa ikimwagika mchana na usiku, haina wa kuikinga.

Sasa niwaeleze kijiji kilichokuwa ndani, kile kilichookolewa.

Kila mtu alikuwa ameona malipo ya mkweli. Kwa hiyo ugonjwa ulipoingia nyumba ya pili, nyumba ya pili haikusema. Ya tatu ikajifunza kwa ya pili. Watu waliimba nyimbo za harusi mchana kweupe ili mlio wa kutapika usisikike nje. Mzee Tanasko, ambaye hata kichwa hakuweza kukiinua, wanawe walimkalisha langoni kila asubuhi, wakamfunga kiunoni kwa mshipi kwenye kiti, wakamvisha kofia, wakamtia kiko mdomoni, ili wapita njia waone ni mzima. Nilimwamkia. Kiko hakikuwa na moto.

"Mzee wenu anavuta nini?" nilimuuliza mwanawe Ljubomir.

"Hewa. Ni nafuu. Wewe jenga ukuta wako."

Na shuka zilipochafuka, zilipelekwa wapi? Nguo ikianikwa uani mchana, jirani ataona na ataelewa. Basi kina mama waliamka kabla ya jogoo, wakafua pale kwenye hori la mawe la chemchemi, juu kidogo ya bomba la kunywea, wakakimbia. Jua lilipotoka, majirani zao walikuja na ndoo. Hivyo ndivyo Suvi Laz ilivyokuwa ikijinywesha kifo kwa heshima zote, huku vijana wenye bunduki wakimlinda bibi kizee asivuke kutoka chini.

Wakaanza kufa watu. Mmoja alisemwa amekufa kwa moyo, mwingine kwa uzee, na mwanamke kijana, Mungu anisamehe, alisemwa amekufa kwa kula plamu mbichi. Padri aliwazika haraka na hakuuliza.

Mapacha, wakiwa zizini, walijua zaidi kuliko wengine. Ukuta uliotenganisha zizi na chumba cha nyuma cha jumbe ulikuwa wa mbao. Walimsikia Natalija. Walimsikia akiomba maji, wakamsikia mama mkwe akimwambia, "Nyamaza mwanangu, watakusikia." Na alfajiri walimwona mke wa jumbe akipita na bonge la shuka chini ya shali.

"Unaona?" Krsman alisema.

"Sioni kitu," akajibu Vuksan. "Wewe pia huoni. Tukisema, kesho Natalija yuko nje ya mfuo na tumbo lake lile. Unataka hilo?"

Krsman akanyamaza. Ndivyo kosa linavyozaa: lililomfunga kinywa mara ya kwanza lilikuwa woga, la mara hii lilikuwa huruma, na vyote viwili vilinyamaza kwa sauti moja.

Radojko hakuweza kukataa kwamba watu wanakufa. Akakusanya wanaume, akasema mfuo umevunjwa. Mtu amesema neno, au mtu amevuka. Utalimwa mfuo mwingine, mdogo zaidi, na nyumba zilizozika watu zitabaki nje.

"Ya Cveta itabaki nje?" mtu akauliza. Cveta alikuwa mjane aliyemzika dada yake wiki ile.

"Itabaki."

"Na ya Tanasko?"

"Tanasko anavuta kiko chake langoni kila siku," akasema jumbe. Ljubomir alitazama viatu vyake.

Alfajiri iliyofuata wakaanza tena kutoka chemchemini. Kimya kilikuwa kizito kuliko cha kwanza, maana safari hii kila mwanaume alikuwa na kitu ndani ya nyumba yake ambacho hakutaka fimbo ikijue. Waliteremka. Mfuo mpya ulipaswa kupita upande wa juu wa ule wa zamani, mbali kidogo na nyumba ya Stamena, lakini nyumba ilionekana yote.

Kwenye lango lake kilikuwa kimetundikwa kitambaa cheusi.

Katika nchi ile hakuna asiyejua maana yake: nyumba hiyo imefiwa. Krsman alisimamisha jembe. Radojko alinyoosha fimbo kumwonyesha njia, akainyoosha tena kwa hasira. Vuksan aligeuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama ndugu yake machoni, akatikisa kichwa: usiseme. Moshi haukuwa ukitoka dohani.

"Ni nani?" akasema Krsman.

Halikuwa neno kubwa. Halikuwa hata la hasira. Lakini nyuma yangu nilisikia mtu akigumia kana kwamba amechomwa kisu.

"Stamena," akaita kwa nguvu. "Ni nani?"

Mlango ukafunguka. Stamena alitoka akishika ukuta, akafika kwenye ua, akauegemea. Alikuwa amebaki macho na mifupa.

"Rosa," akasema.

"Lini?"

"Unaniuliza lini? Niulize kwa nini."

Krsman hakuuliza. Aliachia mikono ya plau, ikaanguka ubavu.

"Umetuua sote," akasema Radojko. "Mashahidi mko hapa. Mtu huyu ametuua sote kwa kinywa chake."

"Natalija yuko wapi, jumbe?"

"Yuko kwao. Nilimpeleka kwa mama yake."

"Yuko chumba cha nyuma. Anatapika tangu udongo wa mfuo wa kwanza ulipokauka. Mkeo anafua shuka zake kwenye maji tunayokunywa. Umenilaza na ng'ombe wako, Radojko, ukasahau kwamba mtu ana masikio makali kuliko ng'ombe."

"Uongo. Ana uchungu wa mwanawe, anapayuka."

Ndipo Vuksan akaiachia kamba ya maksai. "Si uongo," akasema. "Hata mimi nimemsikia. Anaomba maji kwa jina la Mungu, mnamwambia anyamaze."

Kijana mmoja mwenye bunduki aliiinua, hajui amwelekezee nani. Stamena alimwona kutoka kule chini.

"Wewe, Ilija, unayewalinda ndugu zako wasife kwa kunielekezea mimi chuma. Piga basi. Risasi ina haraka, kiu ndiyo ngoja-ngoja."

Bunduki ikashuka.

"Baba yangu," akasema Ljubomir, kisha akaanza upya. "Baba yangu tunamfunga kwenye kiti. Leo asubuhi tumemfunga, nadhani ameshakufa."

Mtu mwingine akasema ana watoto wawili uvunguni. Mwingine akasema mkewe. Mwingine yeye mwenyewe, na akaketi pale pale kwenye udongo kwa sababu miguu ilikuwa imemwishia. Kutoka kwenye nyumba yake, Cveta, aliyekuwa akisikiliza dirishani na begi lake la kufukuzwa limeshafungwa, alicheka kicheko kikavu.

"Kumbe kijiji kizima kinahara," akasema, "na aliyefukuzwa ni aliyekuwa na adabu ya kusema."

Krsman alikuwa ameshaondoka. Alichukua ndoo ya mtu, akapanda mpaka chemchemini, akaijaza mahali pa juu kabisa inapotoka kwenye mwamba, akashuka nayo akivuka mfuo wa kwanza bila kuutazama. Nilimfuata na kuni. Alipofika langoni akanyoosha mguu kuruka ule ufagio.

"Simama hapo," akasema Stamena.

"Nimekuletea maji."

"Yaweke chini urudi nyuma. Nyumba hii bado ina ugonjwa. Nilikwambia atakayefungua mlango ni mimi."

"Stamena, niko peke yangu. Niadhibu, lakini niache niingie."

"Sikuadhibu. Nakulinda, kwa sababu nilisema nitakulinda, na mimi nikisema natenda." Akavuta pumzi. "Ulipita na jembe chini ya dirisha langu ukiwa na ulimi kinywani. Rosa alikuulizia. Aliniuliza, mbona baba hatuamkii. Nikamwambia ni desturi."

Krsman aliweka ndoo, akarudi nyuma, akaketi barabarani. Alikaa hapo mpaka jua likawa kali, na hapo ndipo Radojko alipoteremka, peke yake, hana fimbo.

Alisimama mbali. "Stamena. Natalija amekuwa baridi miguuni. Mke wangu hajui la kufanya. Wewe umeugua ukapona. Utajua."

Mimi ningemtemea mate. Nawaambieni wazi. Stamena alikunywa maji yake polepole mpaka akatosheka, huku mtu yule amesimama.

"Nitakuja," akasema. "Nakuja kwa ajili yake, na huyu wa tumboni, si kwa ajili yako. Chemsheni maji sasa hivi, mengi, mtie chumvi kidogo, mfungue madirisha. Na wewe hutaingia ndani. Chukua jembe la mkono uje hapa uuzibe mfuo huu mbele ya nyumba yangu. Usitume vijana. Uuzibe wewe, watu wakikuona."

"Sasa hivi? Na mkamwana wangu anakufa?"

"Wangu alikufa ukiwa umekula ukashiba. Ziba."

Alibadili nguo, akaichoma ile aliyoivua, akanawa mikono kwa maji ya moto na majivu, akapanda kilima akishikilia fito za ua mmoja hadi mwingine, akikataa mkono wa mumewe. Wanaume walimpisha, na hakuna aliyerudi nyuma kwa kuogopa ugonjwa. Walirudi nyuma kwa kuogopa macho yake. Nyuma yetu jumbe wa Suvi Laz alikuwa amepiga magoti udongoni, anajaza mfuo, na alipochoka na jembe alitumia viganja.

Natalija alipona. Mtoto wake alizaliwa amekufa. Vuksan alipanda farasi kwenda wilayani, akarudi na daktari, na daktari hakufanya muujiza wowote: alifunga chemchemi, akamwaga chokaa, akaagiza kila nyumba yenye mgonjwa iseme, na kila iliyosema ikapelekewa mkate na maji mpaka langoni na majirani zake. Yale yale ya kwenye tangazo. Ugonjwa ukapungua, ukaisha kabla plamu za mwisho hazijaanguka. Tulikwisha kuzika wengi.

Radojko aliacha mwenyewe cheo chake cha jumbe. Krsman alilala ghalani mpaka theluji ya kwanza, na siku ya theluji nilimwona Stamena akimfungulia mlango. Kama alimsamehe, sikuuliza. Mpita njia naye ana adabu zake.

Baadaye padri alikwenda na wazee kumwambia Stamena kwamba wangependa kumhamisha Rosa kutoka chini ya miplamu, mahali mama yake alipomchimbia kaburi kwa mikono yake, wamlete makaburini nyuma ya ukuta wangu, apumzike pamoja na wenzake.

"Hapana," akasema Stamena. "Mlimtaka nje, atalala nje. Barabara inapita hapo. Mkienda sokoni mtampita, na mkirudi mtampita."

Wakaondoka. Mpaka leo barabara inapita hapo.

SOMO, MLITAKE MSILITAKE

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni kweli, nimekiona kikimuumbua. Lakini kabla hujamcheka aliyeficha, uliza ni nani aliyemfundisha kuficha. Kijiji kinachomwadhibu mgonjwa kwa kusema ukweli kimejipikia uongo, na uongo huo kitaunywa.

Sheria ya kuwatenga wagonjwa haikumuua Rosa. Sheria ilisema mtenge, na ikasema mpelekee maji. Tulichukua neno la kwanza kwa sababu linaendana na hofu yetu, tukaliacha la pili kwa sababu linataka miguu yetu. Asiyepeleka maji hana haki ya kufunga mlango. Nitalisema hilo mbele ya jumbe, mbele ya daktari na mbele ya askari mwenye bunduki, na atakayenichukia anichukie.

Na uhuru, kwa kuwa najua kuna wanaoninyooshea kidole hapo nyuma, uhuru si kutembea na ugonjwa wako hadi kwenye meza ya mwenzio. Aliyekuwa huru kuliko wote Suvi Laz alikuwa mwanamke aliyejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Waliokuwa watumwa ni wale wenye afya, waliotembea nyuma ya jembe na ndimi zao zimekufa.

Basi nawaachia hili. Hofu itarudi, itarudi na jina jingine, na atatokea mtu wa kuinyooshea fimbo nyumba fulani ya mwisho, akasema wote mkinyamaza mtaokoka. Siku hiyo msingoje kitambaa cheusi. Semeni.